Jicho la Limi

Mwanangu, bado naikumbuka asubuhi ile tukichambua pamba uani, kijijini kwetu Ngulyati, dada yangu Kabula aliponiita. Alikuwa amemgeuza binti yake Limi kuelekea mlangoni.

"Hebu mwangalie jicho."

Mwanga ulipompiga, mboni ya kushoto iling'aa nyeupe, kama ya paka aliyemulikwa tochi. Limi alikuwa hajafikisha miaka mitatu. Alikuwa anacheka.

Daktari wa Bariadi alimpima, akasema tusingoje, twende Mwanza. Huko tukaambiwa ni saratani ya jicho, ambayo huwapata watoto wachache sana. Jicho lilikuwa limeshaharibika. Lisipotolewa, ugonjwa ungepanda kwenye ubongo.

Masanja, baba yake Limi, alikuwa mkulima kama sisi, na mwaka ule mvua ilikuwa imetuangusha sote. Kanisani wakafanya mnada wa kuchangia matibabu baada ya ibada. Mtu ananunua jogoo, analipa, kisha anamrudisha anadiwe tena. Mwalimu mmoja Mwislamu, aliyehamia kwetu kutoka Tanga, alishindana bei na wazee wa kanisa mpaka watu wakacheka. Kijana fulani alitaka picha ya mtoto aisambaze kwenye simu. Kabula akakataa.

"Changeni bila kumwonyesha," alisema. Wakachanga.

Limi akafanyiwa upasuaji. Kesho yake daktari wake, dada mmoja mpole, alituita pembeni.

"Jicho tulilolitoa, tunaomba tubaki nalo kwa ajili ya utafiti," alisema. "Siwadanganyi, Limi hatapata faida yoyote. Na mkikataa, tutaendelea kumtibu vilevile."

Masanja akainuka. "Mwanangu si wa majaribio! Kiungo cha mtu kinazikwa kwao."

Babu yetu, guku kama tunavyosema Kisukuma, alikuwa amekuja kwa basi kumwona kitukuu wake. Alimwuliza daktari, "Ugonjwa huu mnaujua vizuri?"

"Bado, mzee. Wanaougua ni wachache, na wengi wanatufikia wamechelewa. Tunajifunza kwa hao hao."

Guku akamgeukia Masanja, wala hakupandisha sauti.

"Wale waliokutolea kuku, uliwauliza wao watapata nini?"

Masanja akaketi tena.

"Basi usimfokee huyu kabla hujamsikiliza. Lakini mtoto ni wenu. Mimi siwaamulii."

Wakatoka nje, mume na mke, wakakaa huko muda mrefu. Waliporudi, macho ya Masanja yalikuwa mekundu. Kabula ndiye aliyesema.

"Chukueni. Mkijua kitu, waambieni na wengine."

Kilichopatikana katika utafiti ule sikijui, mwanangu. Hatukuletewa jibu, na daktari hakuwa ametuahidi. Limi alipona. Leo ni fundi cherehani Bariadi mjini, ana jicho la bandia na maneno mengi. Mama yake alizoea kwenda kliniki ya watoto kuwaonyesha akina mama namna ya kutazama mboni. Mmoja wao, mtu wa kijiji cha Zagayu, aliona weupe mapema kwa mwanawe. Yule mtoto alitibiwa, na macho yake yote mawili yakabaki.

Nakwambia haya kwa sababu siku hizi mnaombwa michango kila mara, mpaka mnachoka. Usichoke. Toa hata kwa ugonjwa usioujua jina, ila usidai kwanza uonyeshwe mgonjwa anavyoteseka. Na ikitokea umeombwa kitu kwa ajili ya utafiti, uliza mpaka uelewe, maana kukataa ni haki yako. Ukikubali, kubali kwa ajili ya mtoto ambaye hutamwona kamwe.

Mungu akulindie uzao wako, mwanangu. Akupe afya, na siku utakayougua usikose watu.