Bunduki Iliyobaki Chumbani

Asubuhi Mutuma alipopiga magoti kutoboa sakafu ya chumba chetu, mji wote wa Laare ulinuka majani mabichi ya migomba. Chini barabarani wanawake walikuwa wakifunga miraa kwa majani hayo, wakicheka, na gari la mnunuzi lilikuwa limekwisha kupiga honi mara mbili. Mume wangu alitoboa matundu manne kwenye zege, akaingiza bolti, akakazia hapo sanduku la chuma ambalo fundi wa sokoni alilichomelea kwa siku mbili. Mimi nilizoa vumbi la simiti. Kisha tukarudisha kitanda juu yake.

Tulikuwa wapangaji wa chumba kimoja, ghorofa ya kwanza. Nyumba yetu wenyewe, kule chini ambako milima ya Nyambene inakutana na tambarare, ilikuwa imechomwa na wavamizi wa mifugo. Tulipanda huku na godoro, sufuria mbili, na mtoto wetu Mwenda mgongoni. Haukupita muda Mutuma akaandikishwa homugadi, mlinzi wa kijiji, akapewa bunduki ya serikali na kuambiwa akae nayo kwake. Hakuna aliyemuuliza kwake ni wapi.

Kwake palikuwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Palikuwa na watoto waliokimbia verandani kutwa nzima, wakiingia kila chumba kilicho wazi. Mwenye ploti, Mzee Baariu, alikubali sakafu itobolewe kwa sharti kwamba wapangaji wengine wasijue sababu. Tukasema ni matayarisho ya cherehani. Jirani yangu akawa ananiuliza nitaanza lini kushona, nami nikawa namjibu kwamba bado natafuta uzi.

Risasi tulizitenga. Zilikaa kwenye mkebe wenye kufuli yake, juu ya kabati, mbali na bunduki. Funguo zote mbili Mutuma alizivaa shingoni, ndani ya shati, hata akioga.

Zaidi ya Mzee Baariu, mtu mmoja tu alijua, naye ni Kaberia. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu zilikuwa na gichiaro, udugu ambao wazee wao walikula kiapo juu yake zamani. Mtu wa gichiaro akiomba, hanyimwi. Anaweza kuingia shambani mwako akakata mkungu wa ndizi, nawe ukamshikia kamba. Ukimnyima, ana haki ya kukulaani, na Wameru niliowajua waliiogopa laana hiyo kuliko radi. Mimi ni mzaliwa wa Kanja, Embu. Kwetu mgeni hupewa kiti na chai, lakini akitaka jembe ataulizwa la nini. Kaberia alikuwa akija, akinywa uji wote, akiondoka na mwavuli wa mume wangu. Nilipolalamika alicheka.

"Mama Mwenda, nyinyi Waembu hata chai mnaifungia kufuli."

Nilimpenda. Niseme hivyo mapema.

Kisha baba mkwe akalazwa hospitalini Meru, na Mutuma akalazimika kwenda kumuuguza. Wodini hakuingiwi na bunduki. Alivua uzi wenye funguo akanivisha mimi. Akaniambia bunduki ikipotea ni jela kwake, na ni kifo kwa mtu tusiyemjua.

"Usimpe mtu," alisema. "Hata akija na jina langu."

Siku ya tatu, saa nane mchana, nilikuwa nikianika nguo verandani nilipoona moshi ukipanda kutoka tambarare. Ulipanda wima, mweusi, kama nguzo. Barabarani wanawake waliacha kufunga miraa. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu, majani mikononi, kila mmoja akihesabu watu wake walioko kule.

Nilimwingiza Mwenda ndani. Nikafunga komeo.

Milio ikaanza, ya mbali, kama mtu anayevunja kuni kavu.

Kisha nikasikia miguu kwenye ngazi.

Alikuwa Kaberia. Nilimfungulia kwa sababu niliijua sauti yake. Hakuwa na viatu, na alishika panga. Alinieleza kwa pumzi fupi kwamba ng'ombe wamechukuliwa, na baba yake mzee yuko kule malishoni, hajulikani kama yu hai.

"Nipe hiyo kitu. Najua iko chini ya kitanda."

"Mutuma hayuko."

"Najua hayuko. Naomba wewe."

Niliweka mkono kifuani, juu ya funguo, na kwa kufanya hivyo nikamwonyesha zilipo. Aliutazama mkono wangu. Alikuwa mtu wa nguvu. Uzi ule angeukata kwa kidole kimoja. Mwenda alianza kulia.

"Siwezi, Kaberia."

Milio ikasikika tena, ikiwa karibu zaidi.

"Basi, mama Mwenda," alisema polepole, "hesabu kwamba sikuomba."

Akashuka ngazi.

Jioni baba yake alifika kwa miguu yake mwenyewe, amechanwa na miiba. Kaberia alimkuta amejificha kichakani, akamwelekeza njia ya mlimani, akabaki nyuma kuwapotosha wavamizi. Asubuhi iliyofuata walimleta yeye, juu ya blanketi, vijana wanne wakishika pembe. Mkewe, Karimi, alimfunika uso kwa leso yake.

Mutuma aliporudi alikwenda kwanza kwenye sanduku. Alifungua, akatazama, akahesabu risasi, akafunga. Ndipo akaniuliza. Nilimwambia yote, na nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho aliketi sakafuni.

"Unajua alifanya nini?" akaniuliza. "Aliondoa ombi. Asingeliondoa, ungekuwa umemnyima, na laana ingetufuata hadi kwa watoto."

Sikuwa nimeelewa. Nilidhani Kaberia aliondoka akiwa amekasirika.

Siku ile ya uvamizi, homugadi mwingine aliyepanga chumba ng'ambo ya barabara alikuwa amempa ndugu yake wa gichiaro bunduki yake. Yule ndugu aliuawa, bunduki ikachukuliwa mikononi mwake. Baadaye wachuuzi wawili wa viazi kutoka Kibirichia waliuawa kwenye barabara ya Isiolo, na askari walisema ni kwa bunduki ile. Afisa aliyekuja kukagua silaha alinisifu mbele ya ploti nzima. Nilitamani anyamaze. Baba yake Kaberia alikuwa amesimama pale, akisikiliza.

Kwa miaka mingi nimejaribu kupima jambo hili, nikiwaweka wachuuzi wale upande mmoja na Kaberia upande wa pili. Wale wawili sikuwajua hata majina. Kaberia nilijua anavyocheka, anavyopuliza uji, na jinsi anavyokanyaga ngazi. Kipimo hakitulii. Kila nikidhani kimetulia, naikumbuka sura ya baba yake.

Karimi alikuja kwangu mwaka ambao mwanawe alimaliza shule. Mutuma alikuwa amemlimia shamba misimu yote hiyo, bila kuombwa. Tuliketi jikoni. Nilimweleza mambo ya siku ile kama yalivyokuwa, pamoja na mkono wangu kifuani. Alisikiliza huku akitazama moto.

"Angekuwa nayo," aliuliza, "angerudi?"

"Sijui, Karimi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia.

"Hata mimi sijui. Nilikuwa nikidhani wewe unajua, na kwamba unanificha."

Akainuka, akajifunga leso kichwani, akasema ng'ombe wake hawajakamuliwa. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa nimechoka, na tulitembea bila haraka.