Siku ya Kutia Saini Nyumba ya Mama Zawadi

Nilitoka nyumbani kufuata mapazia. Kamati yetu ya msikiti ilikuwa imempatia Mama Zawadi, mjane mkimbizi kutoka Kasongo, Kongo, mwenye watoto watatu, nyumba ya kupanga huko Vaughan, nje kidogo ya Toronto, na saa kumi alasiri mimi ndiye niliyetakiwa kutia saini mkataba. Vitanda, masufuria, mchele, vyote tayari. Yalibaki mapazia tu, na mimi kazi nusunusu huninyima raha.

Saa tatu asubuhi, Don Mills. Mapazia aliyashona Margaret, niliyewahi kufua naye mashuka ya hoteli. Yeye ni Mi'kmaq, watu wa pwani ya mashariki ya Kanada tangu kabla Mwingereza hajafika. Nilitaka nichukue niondoke, akanikalisha kwa chai. Mezani palikuwa na nakala ya barua ya enzi za ukoloni, ya ofisa aliyetumwa kuzihamishia familia za mababu zake kwenye mashamba mapya. Aliorodhesha majembe, mbegu za viazi, mablanketi. Kisha akaandika kwamba gharama haitakuwa kubwa, maana mbao zipo msituni na samaki wapo mtoni.

"Mto huo ulikuwa wa nani?" nikauliza.

"Wetu. Ametupa samaki wetu wenyewe, halafu anajisifu ameokoa pesa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimetafuta katika kurasa zote mahali alipowauliza wanataka kukaa wapi," akasema. "Hakuna."

Chai ikanishinda. Mkobani nilikuwa na orodha yangu ya vitanda na masufuria, na mimi pia sikuwa nimemuuliza Mama Zawadi anataka kukaa wapi.

Saa sita, ndani ya basi. Kila kituo linasimama, kila dakika natazama saa. Nikajitetea moyoni kwamba sisi si wakoloni, tunatoa sadaka. Sikutulia. Badala ya kwenda moja kwa moja Vaughan, nikashuka Lawrence Heights, alikofikia Mama Zawadi kwa dada yake.

"Ile nyumba unaitaka kweli?" nikamuuliza mlangoni, hata salamu sijamaliza.

Akainamisha kichwa. "Mama, nyumba ni muzuri, Mungu awabariki. Lakini huku niko na dada yangu. Kule nitaongea na nani, na frigo ile ya jikoni?"

"Mbona hukusema?"

"Muliniuliza?"

Saa kumi kasorobo, Vaughan. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshashika kalamu. Nikamwambia sitii saini.

"Dada Rehema! Tumehangaika miezi miwili!"

"Tumehangaika kweli, Mzee. Ila mwenyewe hatukumuuliza."

Kesho yake nyumba ikachukuliwa na mwingine. Wapo wanakamati ambao mpaka leo wananiitikia salamu kwa shingo upande.

Jioni ile ya kukataa saini nilirudi kwangu giza likiingia, sijui kama nimemsaidia mama wa watu au nimemwongezea shida. Kwa dada yake wanalala watu saba katika vyumba viwili, nasi bado tunatafuta nyumba jirani na hapo. Nililojifunza linanichoma: kwa miezi miwili nilijua saizi ya viatu vya wanawe wote watatu, nisijue kwamba mama yao anaogopa upweke.