Samaki wa Mtihani

Sikuzani binti Ilias, muuza samaki wa Buyenzi, mjini Bujumbura, alirudi shule akiwa na miaka thelathini na minne na mwezi mmoja, na huo mwezi mmoja ndio uliokuwa ukimnyima usingizi. Chuo cha uuguzi kilikuwa hakimruhusu mtu aliyetimiza thelathini na mitano kufanya mtihani wa kuingia. Kwa hiyo alikuwa na mtihani mmoja tu maishani mwake, ule wa mwezi wa sita mwaka 2001. Akianguka hapo, basi, ni samaki mpaka kaburini.

Si kwamba samaki ni kazi ya aibu. Ilimlisha yeye na mumewe Karimu na binti yao Amira miaka kumi na sita. Asubuhi, siku ambazo njia ilikuwa haina risasi za vita, alikwenda Kajaga, ufukweni mwa ziwa, kuwapokea wavuvi, na saa tatu yuko sokoni na beseni lake la mukeke, wale samaki wa Ziwa Tanganyika. Na mtu asikudanganye, hapakuwa na mwanamke wa kumshinda kusafisha samaki. Kisu kinapita tumboni, kidole kinafuata, matumbo yote yanatoka mara moja yameshikana, nyongo haijapasuka. Anayejua samaki anajua kwamba nyongo ikipasuka nyama yote inakuwa chungu. Wateja wa Sikuzani hawakuwahi kuonja uchungu huo.

Lililomtia wazimu wa shule ni zahanati iliyokuwa nyuma ya soko. Muuguzi wake, Spès, alikuwa peke yake kwa wagonjwa mia, maana wenzake walishakimbia nchi. Sikuzani alikuwa akimpelekea samaki wa mchana, na siku moja akamkuta anahangaika na mtoto asiyetaka sindano. Akamshika yule mtoto, akamnong'oneza maneno mawili matatu, sindano ikaingia. Kesho yake akashika mwingine. Baada ya mwaka alikuwa anaosha vidonda, anapima homa, na wagonjwa wanamwita muganga, yaani daktari, naye anakana huku moyo unacheka. Spès akamwambia kwamba mikono ile anaimaliza bure kwa samaki, na kwamba yapo masomo ya kuwatayarisha watu wazima wanaotaka kwenda kusomea uuguzi, mradi wawe wamewahi kukanyaga lise, shule ya sekondari. Sikuzani aliikanyaga. Aliiacha mwaka mmoja kabla ya diplome ya kumaliza, tumbo la Amira lilipoanza kuonekana.

Karimu, fundi wa magari, alipoambiwa alicheka mpaka akaangusha spana. Akauliza kama na mvi nazo zitapangwa mstari asubuhi shuleni. Alipoona mkewe hacheki, akaokota spana, akasema sawa, mradi ugali usikosekane. Lakini mtu huyo huyo, baada ya miezi mitatu ya kumsikia Amira akimuuliza mama yake mifupa usiku na mchana, alikuwa amelala chini ya gari anawatajia wateja mifupa ya mguu kwa Kifaransa, kuanzia juu mpaka kidole cha mwisho. Karimu kwa sifa, hata simba angemwachia njia.

Masomo yenyewe yalikuwa saa sita na nusu mchana. Kwingine watu wazima husoma jioni, lakini Bujumbura ya vita ilikuwa na amri ya kutotembea usiku, jua likizama kila mtu yuko kwake. Wakatumia ile saa ambayo maofisi yanafungwa watu waende kula. Wanafunzi ishirini na watatu, makarani, madereva, mafundi cherehani, wote na njaa zao. Sikuzani alikuwa akisugua mikono kwa ndimu na majivu kabla ya kuingia, na bado benchi lake dirishani lilikuwa na nafasi kila siku. Aliyekubali kukaa naye ni Zénon, mlinzi wa ghala bandarini, mtu wa Kinama, kaskazini mwa mji, ambaye alisema yeye mafua hayamtoki, hasikii harufu ya kitu.

Mwalimu wa biolojia aliitwa Anselme, karani wa wizara, mwembamba, mpole, na mchoraji mbaya sana. Hapakuwa na maabara. Samaki wa kupasua nani amnunue, na vita imempandisha bei kuliko nyama? Kila kitu kilichorwa ubaoni kwa chaki. Siku ya somo la samaki, Sikuzani aliutazama ule mchoro kwa muda, akashindwa kujizuia, akanyoosha kidole. "Mwalimu, unisamehe. Huyu samaki wako iko mugonjwa. Ini lake limekaa kwenye mkia." Darasa likaangua kicheko, Anselme naye akacheka mpaka akavua miwani, akampa chaki. Toka hapo hakuchora samaki tena bila kumtazama yeye kwanza.

Mwezi wa pili vita ikaingia Kinama kweli kweli. Watu walimiminika mjini na magodoro vichwani, na Zénon akatokea Buyenzi na mke, watoto wawili, na sufuria. Ndani ya sufuria hakukuwa na chakula, ni makaye yake, madaftari ya biolojia. Wakalala gereji kwa Karimu zaidi ya wiki mbili. Masomo yalisimama, lakini gereji haikusimama, Amira aliwafanya wale watu wazima wawili warudie mzunguko wa damu mpaka watoto wa Zénon nao wakaujua. Mizinga ilisikika huko kaskazini, wao wanabishana juu ya figo. Sikuzani aliogopa, sitasema uongo, alikuwa anaogopa kila siku. Ila aliogopa zaidi mwezi wa sita usije ukamkuta hajui.

Ukamkuta anajua. Mtihani wa maandishi ulikwenda wastani, kemia ilimtesa, hesabu ikamhurumia. Ikabaki biolojia ya vitendo, na aliposikia watapasua samaki alitamani kuruka. Anselme akamshika mkono mlangoni, akamwambia hii ni zawadi kutoka kwa Mungu.

Kila mmoja alikuta mezani sinia, kisu kidogo, kikombe cha maji na mukeke mmoja, na chini ya meza ndoo ya taka. Mkaguzi alikuwa Madamu Orlane, daktari, mwanamke asiyetabasamu ovyo. Akasoma maagizo taratibu: fungueni tumbo, msiondoe kitu, choreni kila kiungo mahali pake, andikeni jina na kazi yake. Sikuzani akasema Bismillahi, akakamata kisu.

Mazoea yana tabu, jamani. Kichwa kilikuwa bado kinajikumbusha majina ya Kifaransa, mikono haikungoja. Magamba yakaruka, kisu kikapita, kidole kikafuata, matumbo yakaingia kwenye ndoo ya taka, na samaki akamwagiwa maji ya kikombe, akageuzwa huku na huku. Alipozinduka, sinia lake lilikuwa na mukeke mweupe, msafi, anangoja chumvi na mafuta tu. Zénon, meza ya pili, alikuwa anamkodolea macho.

Aliona miezi kumi yote imeingia ndooni kwa sekunde ishirini. Akanyoosha mkono, akaomba samaki mwingine. Madamu Orlane akasema samaki wamehesabiwa, kila mtu na wake. Kisha akaja, akatazama sinia, akatazama ndoo, akamuuliza anafanya kazi gani. Sikuzani akamwambia. Watu wawili wakacheka nyuma.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo wanavyosema. Lakini matumbo ya samaki yanazoleka, na ndoo ile ilikuwa haijatiwa kitu kingine. Sikuzani akauliza kama anaruhusiwa kuokota vyake mwenyewe. Madamu akafikiri, akasema maagizo hayakukataza, ila dakika hazitaongezwa.

Akainama, akaokota. Vyote vilikuwa vimeshikana, kama alivyovitoa maisha yake yote. Akavirudisha tumboni kimoja kimoja: moyo nyuma ya mashavu, ini, tumbo la chakula, utumbo, mayai maana alikuwa jike, na kile kifuko cha hewa juu kabisa, kimeegemea mgongo ambao figo zake hazikuwa zimeguswa. Akachora haraka, akaandika jina na kazi ya kila kimoja. Meza nyingine nyingi zilishakuwa kijani, Zénon alishapasua nyongo mapema na alikuwa anatafuta ini ndani ya supu. Ya Sikuzani ilikuwa nzima, imekaa chini ya ini.

Madamu Orlane akaja tena, akalinganisha sinia na mchoro. Akamuuliza amejuaje kwamba kila kitu kimerudi pale kilipokuwa.

"Madamu, mi nimetoa hivi vitu miaka kumi na sita," Sikuzani akajibu. "Kila kimoja najua kinatokea wapi."

"Naona. Lakini nilisema musiondoe. Siku moja utapewa mutu badala ya samaki, na yeye hatarudishwa. Hii mikono ifundishe kungoja."

Akakata alama pale pale, kwa wino mwekundu, na Sikuzani hakubisha. Maneno yale yaliingia kuliko kisu, kwa sababu yalikuwa kweli. Nyumbani hakula. Amira alipomuuliza imekwendaje, akasema amepika mtihani, na hakufafanua mpaka kesho yake.

Matokeo yalibandikwa ukutani mwa shule baada ya wiki tatu. Karimu alifunga gereji, akaja naye na Amira, na Zénon akawatangulia. Karatasi ilikuwa na majina kumi na manne ya waliofaulu, kufuata alama. Zénon alijikuta wa tisa, akajifuta macho kwa shati. Sikuzani alianza juu, akashuka polepole na kidole. Wa kumi hakuwa yeye. Wa kumi na mbili hakuwa yeye. Karimu alishaanza kumshika bega ili amtoe pale.

"Ngoja kwanza," akasema Sikuzani.

Alikuwa wa kumi na nne. Chini ya jina lake palipigwa mstari kwa rula, na chini ya mstari hapakuwa na mtu.

"Wa mwisho?" Karimu akauliza taratibu.

"Wa mwisho," akajibu. "Ila niko ndani."

Kisha akakaa kwenye ngazi ya shule, akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa raha zake, na watu wakawa wanampita pembeni.