Siku Niliyoitazama Mvua

Asubuhi ile mama aliniachia kazi moja tu: kuangalia karafuu tulizoanika kwenye majamvi mbele ya nyumba, huku kwetu kijijini Ole, na kuzianua mvua ikija. Yeye alikwenda shamba kuchuma nyingine.

Mvua ikaja. Niliiona tangu iko mbali, juu ya mihogo, mpaka ikaanza kupiga majamvi. Nilikuwa nimekaa kibarazani, hatua tano tu. Sikuinuka. Si kwamba nilisahau. Nilijiambia, leo nitaanua, kesho nitaanika, keshokutwa nitaanua tena, halafu? Kwa miezi mingi kila kitu nilikiona hivyo, hata kula, hata kusali.

Bibi yangu, ambaye haoni, alipiga kelele kutoka ndani.

"Mvua hiyo! Ushaanua?"

"Bado."

"Mie kipofu nimeisikia, weye mwenye macho unaitazama? Nani atakuoa weye?"

Maji yalizikokota karafuu nyingi mpaka mtaroni. Zilizobaki zikarowa chapa, na karafuu zikirowa huharibika, huwa mpeta, hazina bei.

Mama aliporudi alisimama mbele ya majamvi, polo la karafuu bado liko kichwani. Nilingoja matusi. Akaniuliza, "Tangu lini umekuwa hivi, mwanangu?"

Nikasema sijui. Kisha nikasema nisilowahi kumwambia mtu, kwamba kila nikilala huomba nisiamke. Mama akakaa chini, palepale penye tope.

Siku ya pili tulikwenda hospitali, Chake Chake. Daktari alisema haya ni maradhi, akanipa vidonge, akamwambia mama asiniache peke yangu, lakini pia asinivue kazi zote. Mama akanipa kazi ya kumkogesha Bibi kila asubuhi.

Vidonge vilinikausha mdomo. Uzito wa moyo haukutoka. Wiki nzima mama alinitoa kitandani kwa kunivuta mkono, na Bibi nilimkogesha kama ninayeosha sufuria.

Asubuhi moja nilimmwagia maji, akaruka.

"Baridi! Unataka kunizika?"

"Samahani, Bibi."

"Samahani haipashi maji moto!"

Alikuwa anatetemeka, mbavu zote zinahesabika, kanishika mkono kwa nguvu. Nikamfunika kanga, nikaenda jikoni kupuliza moto. Sikuambiwa na mtu.

Ninaamka kwa ajili ya nini, bado sijui. Maji yalichelewa kupata moto, na Bibi alinitukana muda wote nilipokuwa nikiyangojea.