Baraza la Ghala la Kahawa

Ghala la zamani pale Moshi mjini limechorwa alama nyekundu ya kubomolewa, lakini harufu ya magunia bado inatoka ndani. Nazunguka nje, nashindwa kuondoka.

Nilikuwa mdogo tulipoteremka na bibi kutoka kijijini Masama hadi hapa na gunia la kahawa. Karani wa ghala alichota punje kiganjani, akatikisa kichwa.

"Bibi, hii haijakauka. Rudi nayo."

"Sirudi nayo, mwanangu."

Bibi akaimwaga yote kwenye sakafu ya baraza, juani, akavua viatu. Tukawa tunaigeuza kwa nyayo, mimi nikiogopa kufukuzwa kila mlango ulipolia. Alasiri karani akatoka, akang'ata punje moja kuona kama imekauka. Alipiga magoti, akaanza kuizoa pamoja nasi.