Kompyuta ya Oduor Haitoki Awasi

Saa nne asubuhi, Jumamosi, Zadock Okinyi ameketi juu ya kreti ya soda nje ya nyumba ya mama mkwe wake, Awasi, na hataki kuongea na mtu.

Mbele yake, chini ya upenu, pana televisheni nene ya zamani iliyowekwa juu ya stuli. Kando yake kuna mashine ya michezo ya miaka mingi iliyopita, iliyokuwa nyeupe na sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Kwenye mashine umechomekwa waya mwembamba wa simu ya mezani. Waya huo unapanda ukutani, unapita dirishani na kupotelea ndani ya chumba ambacho Zadock hajawahi kukiona na, kwa jinsi mambo yalivyo, hatakiona.

"Mzee, mwambie tunajaribu tena," anasema bila kuinua macho.

Mzee Nicodemus, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anasafisha koo. Ndiye aliyesimamia mazungumzo ya ndoa ya Zadock, na haamini katika kufupisha maneno.

"Mama Rachael," anaita kuelekea ndani, "mkwe wako anakusalimia. Anasema kwamba, kama umekaa vizuri, anaomba tujaribu mara nyingine."

"Niko tayari tangu asubuhi," sauti ya mwanamke inajibu. "Mwambie tangu nikae hapa sijainuka."

"Anasema yuko tayari," Mzee Nicodemus anamwambia Zadock, ambaye amesikia kila neno.

Zadock anabonyeza padi ya kuchezea. Mashine inatoa milio ya namba zinazopigwa. "Sasa," anasema.

Mzee anageukia mlango. "Mama Rachael, mkwe wako anasema wakati ule mliokuwa mnaungojea..."

Kwenye televisheni maandishi yameshatokea: simu haikujibiwa. Zadock anaweka padi chini polepole, kama mtu asiyeiamini mikono yake mwenyewe.

"Hii kitu itanimaliza," anasema.

Zadock, mwenye umri wa miaka 38, ni fundi wa redio na televisheni huko Nyamasaria. Nyuma ya meza yake ya kazi ana chumba kidogo cha michezo ambapo vijana hulipa shilingi ishirini kwa mechi moja ya mpira wa kwenye skrini. Jumamosi ndiyo siku inayomlisha wiki nzima. Hii ni Jumamosi ya nne anafunga duka na kuja Awasi kukaa juu ya kreti.

Hafanyi hivyo kwa kupenda michezo. Anamtafuta mtu.

Chumba kile cha Nyamasaria alikianzisha pamoja na Oduor, kaka mdogo wa mke wake, Rachael. Kwa kweli Oduor ndiye aliyemjulisha kwa Rachael. Zadock na Oduor walikuta mashine mbili za aina moja kwenye rundo la mitumba katika soko la Kibuye, wakanunua zote, kila mmoja yake, na wakawa wanashindana mbio za magari mpaka majirani wakachoka na kelele zao.

"Kabla awe shemeji alikuwa rafiki yangu tu," anasema Zadock. "Huyo kijana tulikuwa tunakula sahani moja."

Miaka mitatu na nusu iliyopita Oduor aliondoka kwenda Uarabuni. Wakala alikuwa amemwahidi kazi ya udereva. Kanisa la nyumbani lilifanya harambee, wazee wakamwekea mikono kichwani, akapanda ndege akiwa na begi dogo na mashine yake ya michezo. Mwezi wa pili tangu afike simu yake ikazima. Mtu mmoja wa Ahero alidai kumwona sokoni huko Uarabuni, amekonda. Mwingine akasema huyo hakuwa yeye.

Mama yake, Beldina, mjane wa miaka 67 anayelima mpunga na kufuga kuku, bado anapiga namba ile ile. "Yule mwanamke wa kusema mteja hapatikani, sauti yake naijua kuliko ya watoto wangu," anasema kupitia dirishani.

Kisha, mapema mwaka huu, Zadock akiwa kwenye meza yake ya kazi alikuta kwenye simu tovuti ya watu waliokataa kuitupa mashine hii. Wako kila pembe ya dunia. Wamefufua wenyewe zile mbio za magari zilizokuwa zikichezwa kupitia intaneti, na tovuti yao inaonyesha majina ya walio ndani kwa wakati huo. Jumamosi moja mchana akaona jina AWASI7.

"Sasa niambie, dunia yote hii, nani mwingine anaweza kujiita Awasi?" anauliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anakaribia kucheka. "Na saba ilikuwa jezi yake ya shule."

Familia iliomba tusitumie jina lenyewe la mchezaji huyo, wala jina halisi la Oduor; tumeweka yanayofanana nayo, na sababu yake msomaji ataiona.

Zadock aliwaandikia wenye tovuti. Wakamjibu kwa upole kwamba wao hawajui nani ni nani. Kama anataka kuongea na mchezaji, aingie mchezoni kwa mashine kama hiyo, akaandike humo. Alifikiri ni jambo la siku moja. Anapolisimulia hili anatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Mashine hiyo ilitengenezwa wakati intaneti ilipita kwenye simu ya mezani. Ina modem ndani yake, na inachojua ni kupiga simu tu. Lakini simu za mezani mitaani zilikwisha zamani, na nyaya zake za shaba ziliibwa moja baada ya nyingine. Njia iliyobaki, kwa asiyeweza kuagiza vifaa vya ng'ambo, ni kuidanganya. Unavuta waya kutoka kwenye mashine hadi kwenye modem ya kompyuta kuukuu, unaongeza betri ya volti tisa ili waya uonekane una uhai, na kompyuta inajifanya kituo cha simu. Ikishapokea, inaipitisha mashine kwenye intaneti ya simu ya mkononi.

Shida ni kupata kompyuta kuukuu yenye modem. Zadock aliizunguka Kibuye hadi wauzaji wakaanza kumkwepa. "Waliniletea mpaka mashine ya faksi. Mmoja akaniuzia modem, nikafika nyumbani nikafungua, ni kasha tu. Ndani hakuna kitu."

Kompyuta pekee aliyoijua ilikuwa ya Oduor mwenyewe. Iko Awasi, kwenye chumba cha Oduor, mlango unaofuata baada ya chumba cha kulala cha mama mkwe.

Siku hizi wakwe wengi wa Kijaluo hukaa sebule moja na mama wakwe zao, wakanywa chai na kuangalia habari. Mama Beldina hayumo katika hao. Kwake yeye, mume wa binti haingii vyumba vya ndani, hamtazami mama mkwe usoni, na neno lake hupitia kwa mtu mzima. Zadock anaikubali heshima hiyo. Kinachomtoa jasho ni kwamba modem haiijui.

Alimtuma Rachael akaombe kompyuta ipelekwe Nyamasaria. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo. "Kompyuta ya mtoto wangu haitoki," Mama Beldina anarudia sasa, akiwa ndani. "Akirudi aikute mahali aliiacha. Mimi ndio naipanguza, na kama ni kubonyeza, mimi ndio nitabonyeza."

Na kubonyeza ndiko kazi yote iliko. Waya huu hauna kengele, kwa hiyo kompyuta haijui kwamba inapigiwa. Lazima mtu abonyeze kitufe mara tu namba zinapokwisha kupigwa, la sivyo mashine inakata tamaa. Maryanne, dada anayehudumu katika saiba, duka la intaneti, ya Awasi, aliingia siku moja akapanga programu, akabandika plasta nyekundu kwenye kitufe, akarudi kazini kwake.

Mama Beldina hawezi kuisikia milio mwenyewe kwa sababu kinu cha kusaga unga cha jirani kinanguruma upande wa dirisha lake. Rachael angesimama hapo akaita, lakini ni mhudumu wa duka kubwa mjini na Jumamosi hapewi ruhusa. AWASI7 naye haonekani siku nyingine yoyote. Mwandishi wa makala haya alipojitolea kubonyeza, swali lilitoka ndani: "Huyo ni nani kwa Oduor?" Mwandishi akarudi kukaa.

Kwa hiyo wamebaki na Mzee Nicodemus.

Saa tano stima inapotea. Inarudi, na kompyuta inachukua muda wake kuamka. Mzee anapendekeza maombi, na maombi yanamtaja kila mgonjwa wa kata nzima. Zadock anajaribu mara nyingine tatu. Mara ya kwanza Mzee yuko kwenye "mkwe wako" simu inapokatika. Mara ya pili ameanza na salamu. Mara ya tatu alikuwa amelala kidogo.

"Mzee, sema tu 'sasa'," Zadock anamsihi. "Neno moja."

"Na mimi nitamwambia mama wa watu 'sasa', kama ninayefukuza mbuzi?" Mzee Nicodemus anauliza, na anaonekana ameumia kweli.

Saa sita na nusu mchana, kwenye simu ya mwandishi, iliyofunguliwa ile tovuti, jina linatokea. AWASI7 ameingia.

Zadock analitazama mpaka simu inazima mwanga. Jumamosi zilizopita jina hilo halikukaa hata saa moja. Anafuta viganja kwenye suruali na kupiga. Mzee anaanza: "Mama Rachael, yule mtu ameonekana, na mkwe wako..." Simu inakatika. Zadock anapiga tena. Mzee anajitahidi, anaharakisha, anajikwaa katikati ya sentensi. Simu inakatika.

Mara ya tatu milio inapokwisha, Zadock hamtazami Mzee. Anageuza kichwa kuelekea dirishani na kupaza sauti.

"Mama, bonyeza!"

Mzee Nicodemus anasimama. Kuku wanatawanyika. Zadock mwenyewe amefumba macho, kama anayengoja kofi.

Kisha, ndani ya nyumba, kompyuta inapiga mlio mkali wa kukwaruza ambao watu wa rika fulani watakuwa wanaukumbuka, na mashine nje inaujibu. Skrini inabadilika. Yanatokea magari, na chini ya magari orodha ya majina manne. La tatu ni AWASI7, na la mwisho ni lake mwenyewe, ZADOCK.

Kuandika kwa padi ni kuchagua herufi moja moja. Zadock anakosea mara mbili. ODUOR? anaandika hatimaye.

Gari la AWASI7 linasimama pembeni ya barabara, wengine wakilipita. Linakaa hapo muda mrefu kiasi kwamba Zadock anaanza kusema labda si yeye, labda amewasumbua watu wa dunia bure.

Jibu linakuja herufi kwa herufi: omera.

Ndivyo vijana wa huku wanavyoitana, na ndivyo wawili hao walivyoitana tangu ujana. Zadock anaziba mdomo kwa kiganja.

Mlango unafunguka. Mama Beldina anatoka, kitambaa cha kupangusia bado kimo mkononi. Mzee Nicodemus anakohoa kuonya, na anapoona onyo halisikiwi anainamisha macho yake kwenye viatu. Mama anapita mbele yake, anamzunguka mkwe wake na kusimama nyuma ya kreti, karibu kiasi kwamba gauni lake linagusa bega la Zadock.

Kwenye skrini mstari mwingine unaandikwa. Zadock anauona unakokwenda na kuinuka aizibe televisheni kwa mwili wake, lakini amechelewa.

Usiambie Mama.

Mama Beldina anasoma huku midomo yake ikitembea. Anafika mwisho, anarudi mwanzo, anasoma tena. Usoni mwake panapita kitu kinachouma kukitazama. Kinu cha jirani kinanguruma. Halafu anazungumza na mkwe wake moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu ndoa.

"Mwambie sijui."

"Mama..."

"Andika. Mama hajui. Aendelee kuja."

Zadock anaandika: HAJUI.

Maneno yanaanza kumtoka Oduor baada ya hapo. Kazi ya udereva haikuwepo. Yuko kwenye kiwanda cha kufulia nguo, analala chumba kimoja na wenzake sita, na ni mzima. Ile namba aliitupa mwenyewe. Nitawaambia nini watu wa kanisa, anaandika. Anauliza kama Mama bado analima. Zadock anageuka kumtazama Mama, na Mama anatikisa kichwa kukubali. Zadock anapoanza kujibu, stima inapotea.

"Hata kwaheri," anasema Zadock, akiitazama skrini nyeusi. "Hata kwaheri, jamani." Amekasirika mpaka machozi yanamtoka, na hajisumbui kuyafuta.

Mpango wake sasa ni kutafuta betri ya gari na kigeuzi cha umeme ili stima isimkatie tena, na kufunga duka kila Jumamosi hata kama wateja watahama. Mzee Nicodemus anasema suala la kumpigia mama mkwe kelele litahitaji kikao. Mama Beldina anasema kikao hicho kimekwisha.

Ameshaleta kiti kutoka ndani na kukiweka karibu na kreti. Atabonyeza, anasema, kisha atatoka kuja kukaa hapo na kusoma bila kutoa sauti.

Tulimuuliza atavumilia hivyo hadi lini.

"Mimi nitakuwa nabonyeza tu," anasema Mama Beldina. "Siku atachoka kunificha, atanikuta hapa."