Jumamosi za Kuosha Vani

Nyuma ya vani ya polisi kuna kizimba. Ni kijumba chembamba cha bati jeupe, kiti cha plastiki ngumu, kidirisha chenye wavu kinachotazama nje. Mtu aliyekamatwa huketi humo mpaka afikishwe kituoni, na humo ndimo anamotapika, anatokwa damu, anakojoa, anakwaruza ukuta kwa kucha. Mlango hauna kishikio upande wa ndani. Ukijifunga, umefungwa. Mlango wenyewe haujui tofauti ya mwizi na mtu aliyeingia kupangusa matapishi ya mwizi.

Hilo mama alinionyesha siku ya kwanza kabisa. Aliniambia nitie mkono ndani nipapase pale kishikio kingekuwa. Nikapapasa. Bati tupu.

Mama anaosha magari ya serikali, huku ughaibuni tulikohamia. Vani za polisi, mabasi madogo yanayobeba watoto wa shule wanaotumia viti vya magurudumu, mara moja moja magari ya wagonjwa. Karakana iko mtaa wa Hockley, banda refu lililobanwa kati ya mtu wa kuchonga funguo na duka la vigae, na sisi tunakaa Hodge Hill, kwa hiyo asubuhi ni basi mpaka mjini, halafu basi lingine. Bosi ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu. Anaongea Kiswahili cha zamani, kizuri kuliko changu, na mama anamwita Mzee kwa heshima, hata akiwa amekasirika naye. Akiwa amekasirika sana humwita Mzee mara nyingi zaidi.

Mwanzo mama hakuwa peke yake. Alikuwa anaosha na anti mmoja Mkongo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa ndoo. Wawili kwa kila gari: mmoja ndani na kitambaa na dawa, mwingine nje na mashine ya maji. Anti ndiye aliyeleta desturi ya hodi. Watu wote hupiga hodi ili wafunguliwe, lakini pale karakana walipiga hodi kabla ya kufunga. Wa nje anasimama mlangoni, anasema, "Hodi?" Kukiwa na mtu ndani anaitika, "Nipo!" na mlango unabaki wazi. Kukiwa kimya, mlango unafungwa ili maji yasiingie. Hakuna kuchungulia, maana ndani mnakuwa na mvuke na povu na mtu anaweza kuwa amejikunja chini ya kiti, humwoni. Unauliza, unangoja.

Nilipokwenda huko wakati wa likizo kuwasalimia, anti alinijaribu. Alinitia ndani, akapiga hodi, nikaitika. Akapiga tena. Nikaitika tena. Akaingiza kichwa, akamgeukia mama, "Huyu mutoto anasemaka sawa panya. Iko siku utamufungia." Mama alicheka. Mimi pia, kidogo.

Halafu ofisi inayompa Mzee kazi ikasema bei ya kuosha imezidi, ishuke, au kazi apewe mwingine. Nadhani baadaye, nikiwa tayari naosha na mama, hata darasani kwetu tuliigusa habari hiyo hiyo. Mwalimu alituonyesha ukurasa wa gazeti kuhusu gharama za kusafisha magari ya serikali, akauliza kama hayo ni matumizi mazuri ya kodi. Kijana mmoja akasema babake anaosha gari lake kwa ndoo na sifongo, haimgharimu chochote, na hao wanaolipwa kuosha ni wezi watupu. Darasa likacheka. Mwalimu akatuomba tuinue mikono, nani anaona ni hasara. Yangu ilikuwa chini ya dawati kwa sababu dawa ya kuua vijidudu ilikuwa imegeuza kucha zangu rangi ya chai. Nilitaka kusema kwamba gari la babako hakuna anayelitapikia. Sikusema. Sijawahi kusema kitu darasani bila kuulizwa, na nikiulizwa nasema, "Sijui."

Bei iliposhuka, anti ndiye aliyeondoka. Mzee alimwambia mama sasa ni mtu mmoja kwa gari. Mama akamjibu kwamba hataingia kizimbani bila mtu wa nje, hata mara moja. Wakazungushana hivyo mpaka siku za katikati ya wiki Mzee akaziweka za mabasi tu, ambayo hayana vizimba, na vani zote akazisukuma Jumamosi. Jumamosi mimi sina shule.

Hakuna aliyeniomba hasa. Mama alisema tu, "Mami," ndivyo anavyoniita, "Jumamosi tutaenda pamoja," nikasema sawa. Na mimi nikisema sawa huwa nimemaliza.

Tatizo ni kwamba hatua chache kutoka karakana, ukivuka barabara, unaingia mtaa wa masonara, na huko kuna chuo chenye darasa la Jumamosi kwa wanafunzi wa umri wangu. Mnafundishwa kukata shaba na fedha, kuunga kwa moto, kung'arisha. Mwalimu wangu wa sanaa alipeleka jina langu bila mimi kujua, kwa sababu ya michoro yangu ya mikufu ambayo nilidhani hakuna aliyeiona. Nikapata nafasi. Natakiwa nithibitishe kabla muhula haujaanza, la sivyo anapewa aliye nyuma yangu. Nilitembea na habari hiyo wiki nzima. Nilienda nayo mezani, nikarudi nayo chumbani. Mama angeniambia niende, hilo nilijua. Halafu angeingia kizimbani peke yake. Nikimwambia namweka hatarini, na nisipomwambia basi ninabaki na ndoo yangu mpaka lini, sijui.

Jumamosi ile nilikuwa ndani, nimepiga magoti, nasugua kona ya chini ya kiti ambapo uchafu hukauka kama gundi. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Mama, kuna jambo. Hapana. Mama, unajua lile darasa. Halijui. Mama, usikasirike. Nikasikia, "Hodi?" Nikaitika. Naapa niliitika. Niliitika kwa sauti ninayotumia siku zote.

Mwanga ukakatika.

Kwanza niligonga kistaarabu, kama mtu anayegonga mlango wa ofisi. Nje mashine ya maji ilikuwa inanguruma, na mama huvaa vile vifuniko vya masikio. Dawa niliyokuwa nimeimwaga sakafuni ikaanza kunipanda puani, macho yakachuruzika machozi. Nikapiga kwa ngumi. Nikaita, na sauti ikatoka ndogo ile ile, kama vile hata koo langu halikuamini kwamba ni lazima. Kwenye ukuta mbele yangu mtu alikuwa amekwaruza jina la mwanamke, na chini yake jina hilo hilo tena, bila kumaliza. Nililitazama muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Kilichonitoa si sauti. Nilisimama nikajirusha ukutani kwa bega, upande huu, upande ule, mpaka vani yote ikaanza kuyumba. Mama aliniambia baadaye aliona povu likiteremka peke yake kutoka kwenye paa, akafikiri tetemeko. Mashine ikanyamaza. Uso wake ukaja kwenye kidirisha, vipande vipande nyuma ya wavu.

"Uko ndani? Mbona hukuitika?"

"Niliitika."

Alivuta mlango. Mlango wa kizimba ungefunguka kwa nje bila shida, lakini mbele yake kuna ule wa nyuma wa vani, ambao mama alikuwa ameufunga pia kuzuia maji, na ukifungwa unajikaza wenyewe, na ufunguo wa vani za polisi anakaa nao Mzee tu, ndivyo ofisi inavyotaka. Mzee alikuwa ameenda Sparkbrook, Ladypool Road, kununua chakula cha mchana. Mama akampigia simu. Simu ikalia pale pale mezani, karibu na birika.

Akarudi kwenye kidirisha. Aliniambia nilale chini, nilete pua kwenye upenyo wa mlango, nisiguse macho. Nikalala. Nilimsikia akikaa kwenye sakafu yenye maji upande wa pili, akaegemeza mgongo. Tukakaa hivyo, bati katikati. Akawa ananiuliza mambo ya kijinga ili nisinyamaze: nataka kula nini jioni, yule jirani amesharudisha sufuria yetu. Kila nikijibu ananiambia, "Sisikii, ongea." Na pale, kwa sababu sikuuona uso wake, yakatoka. Darasa, masonara, jina langu kupelekwa, siku ya mwisho kukaribia. Niliyasema kwa kupiga kelele, maana ilibidi. Nikasema sitaki kuosha vani tena. Nikasema nachukia harufu ya mikono yangu. Nikasema na wewe siwezi kukuacha, kwa hiyo basi.

Nikamsikia akijigeuza kwenye maji, uso kwenye upenyo.

"Mami," akasema, "mimi nilikuja hapa ili nani awe ndani ya hiki kitu? Mimi, au wewe?"

"Hakuna mtu."

"Ehe. Lakini lazima awe mtu."

Mzee alirudi na mifuko ya chakula. Alipoona mama chini kwenye maji hakuuliza, alikimbia na magoti yake mabovu, na ufunguo ukamponyoka. Nilipotoka aliniita beti, yaani binti, akaninawisha macho yeye mwenyewe kwa maji ya chupa, huku akirudia maneno ya Kipunjabi ambayo nadhani yalikuwa ni sala.

Mama alimngoja amalize. Halafu akamwambia, kwa adabu, Mzee, huyu Jumamosi haji tena, ana darasa. Na mimi, Mzee, bila mtu wa nje siingii. Kwa hiyo Mzee, mrudishe yule mama Mkongo au tafuta mwoshaji mwingine. Bosi akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alisema akimrudisha atakuwa analipa kutoka mfukoni, na mfuko wenyewe tayari umetoboka. Akikataa bei ile, kazi inaenda kwa watu wengine ambao hawatauliza hodi wala nini. Alishika shingo yake kwa mikono yote miwili. "Mimi pia wamenifungia, mama."

"Najua, Mzee. Lakini wewe uko na ufunguo."

Mwisho akasema Jumamosi atasimama yeye mwenyewe. Atakuwa mtu wa nje. Mama alimtazama, mzee wa magoti mabovu ambaye simu ikimlilia anatembea nayo mpaka barabarani bila kujua anakokwenda, na simu yake hailali. Alimtazama kisha akanitazama mimi, akasema sawa.

Jumamosi ya kwanza ya darasa tulipanda basi pamoja, tukaachana kwenye taa. Kabla ya kuvuka nilimtaka aniahidi kitu: kila akitoka kizimbani anitumie ujumbe. Akasema nimekuwa kama mama yake, akakubali.

Darasani walitupa kila mtu kipande cha shaba na msumeno mwembamba kama uzi. Ukiukaza unakatika. Wangu ulikatika, nikaweka mwingine. Simu yangu ilikuwa mezani, uso juu. Mwalimu alipita akasema simu ziwekwe mifukoni.

"Siwezi," nikasema.

Wote wakageuka. Mwalimu akauliza kwa nini, nami nikamweleza, kwa sauti ambayo hata aliyekaa dirishani aliisikia, kwamba mama yangu anaosha vani za polisi huko ng'ambo ya barabara, na kuna mlango. Hakuelewa vizuri, niliona. Aliiacha simu pale pale.

Nikakata shaba jicho moja kwenye mstari, jicho moja kwenye kioo cha simu. Msumeno ukakatika tena. Simu ikawaka: Nimetoka, niko sawa, endelea. Nikavuta pumzi. Nikajua kwamba dakika hiyo alikuwa anachukua ndoo kwenda kwenye vani inayofuata, na Mzee, Mungu akipenda, alikuwa nyuma yake. Nikafunga uzi mpya wa chuma kwenye msumeno, nikaanza kungoja upya.